Shanga ya Sita

Dada Skola,

Usijifanye umelala. Ni mimi Kasto, mdogo wako, yule uliyemwita "kichwa cha boga" kwa sababu niliishia kidato cha pili. Basi pokea habari: juzi, siku ya kumaliza matanga yako, nimeufundisha ukoo mzima sayansi. Ndiyo, mimi. Hata walimu wastaafu wawili walikuwepo.

Aliyeanza ni shangazi. Ugali haujapoa, akasimama: "Mtoto hafi hivi hivi tu. Hapa kuna mkono wa mtu." Akamtazama mama. Wakaanza kusema arudishwe kwao Madaba kwanza, ukoo uulize vizuri. Na baba je? Baba akainamisha kichwa, yeye aliyeificha chini ya godoro karatasi ya hospitali iliyoandikwa selimundu. Alijua, dada. Akainama.

Nikaingia ndani nikatoa makopo yako ya shanga, yale ya kutungia bangili. Unakumbuka ulivyonifundisha, miguu inakuuma, umejifunika blanketi, mimi nacheka? "Protini ni mtungo wa shanga, we boga. Aina zake ni ishirini tu, zinaitwa amino asidi. Mbili zikishikana kinatoka kichembe cha maji. Mtungo haukai umenyooka, unajisokota na kujikunja, na ulivyojikunja ndivyo utakavyofanya kazi. Ukibadili shanga, umebadili mkunjo."

Basi nikawatungia. Bluu ndizo zinazopenda maji, nyekundu ndizo zinazoyakimbia. Nilipofika ya sita nikatoa bluu, nikaweka nyekundu.

"Mtungo huu umo kwenye damu, unasaidia kubeba hewa," nikawaambia. "Una shanga mia moja arobaini na sita. Wa dada ulikosewa moja tu, hii. Hewa ikishashushwa, hii nyekundu inayakwepa maji kwa kumng'ang'ania jirani, mtungo wa pembeni. Jirani naye anang'ang'ania mwingine, mpaka mitungo inakuwa vijiti. Seli inapinda kama mundu, inaziba mshipa. Yale maumivu mliyoyaita uvivu ndiyo hayo."

Shangazi akabinua mdomo. "Na hiyo nyekundu kaiweka nani?"

Dada, swali hilo nililisubiri kama mpira wa penati!

"Kaiweka baba, shangazi. Na mama. Kila mmoja ana mtungo mzima na mtungo mbovu, Skola akaokota mibovu yote miwili. Wa baba umetoka kwenu. Huenda na wewe unao."

Ungeona! Shangazi alitafuta kandambili zake akavaa za mtu mwingine. Mama hajaenda Madaba. Yupo jikoni, anapika kidogo mno, kisha anakumbuka kwamba ndicho kiasi chetu sasa. Baba hanisemeshi. Asinisemeshe.

Unaona nilivyo na akili? Kila mtu hapa Matogoro ananiita profesa. Nami naitika.

Ila kuna kitu sikuwafundisha.

Ulishaniambia kwamba baridi inakuumiza, inabana mishipa. Uliniambia kwa kituo, kama mtoto wa chekechea. Na asubuhi ile ya ukungu, mahindi yamejaa uani, mimi ndiye niliyekuvuta blanketi. "Amka mvivu, mahindi hayajipukuchui!" Ukaamka. Ukakaa kwenye umande miguu peku, ukapukuchua debe zima ili tu nisikucheke. Jioni ukaanza kulia. Siku ya tatu...

Shangazi anatafuta mkono wa mtu. Nimewaonyesha shanga. Mkono sikuwaonyesha.

Ungenitukana ningepona. Wewe ukaniambia, "Boga, nishike miguu," basi. Mbaya kweli wewe.

Sasa sikiliza. Jumatatu nakwenda kupima damu, nijue nimebeba mtungo gani kabla sijamzaa Skola mwingine. Nikirudi nitakaa na mama jikoni nimwambie habari ya blanketi, yote, bila kuchekesha. Akinifukuza, nitakwenda Madaba mimi.

Ule mtungo wa mfano nimeufunga fundo, nimeuvaa mkononi. Nyekundu sijaitoa.

Haya dada, pumzika. Jifunike mpaka kichwani. Sikuamshi tena.

Boga lako,
Kasto