Paji la Uso la Mama Kahindo

Butembo, Alhamisi. Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana na bado inapiga mabati.

Nina kichefuchefu tangu jana. Si malaria, wala si maharage ya mama. Ni picha.

Nitaeleza polepole, maana nikianza na hasira, kesho nikisoma sitajielewa hata mimi mwenyewe.

Tuko watatu, na tunatengeneza mchezo wa simu unaoitwa Kamba. Patient yuko Beni. Ndiye mwenye mdomo: anaandika maombi, anaongea na wakubwa, anajua kutuuza. Kahindo yuko hapa Butembo, tumepakana nyumba tangu utoto, naye ndiye anayechora. Mimi naandika programu, yaani ndimi ninayemfanya mtu wa kwenye picha atembee, ateleze, ainuke tena. Mchezo wenyewe si mgumu kuelewa. Mama anatoka shambani Kipese na kitunga cha viazi, anapita matope, ukungu, kizuizi cha askari na mbuzi wasio na adabu, hadi afike sokoni. Ukifika na viazi vyako, umeshinda.

Kamba ndiyo kila kitu. Milimani huku mama habebi viazi kichwani. Kitunga kinakaa mgongoni, na kamba inayokishika inazunguka mbele, kwenye paji la uso. Mama anaishika kamba kwa mikono miwili karibu na masikio, anainama, anapanda. Akisimama wima, uzito unamvuta shingo nyuma na anaanguka chali. Kwa hiyo anayecheza lazima ajifunze kuinama: mteremko huu kiasi hiki, ule kidogo zaidi. Nimepigana na hesabu za kuinama huko hadi nikaota nazo.

Najua habari ya kamba kwa sababu mimi si wa hapa. Baba ni mwalimu, Serikali ilimleta kutoka Kisangani nikiwa mdogo, na mama yangu alikuja na mtindo wa kwao: mzigo kichwani, shingo juu, mkono kiunoni. Hatujamaliza hata kufungua masanduku, akaenda kununua viazi, mvua ikamkuta kwenye mteremko, na viazi vikafika bondeni kabla yake. Watu walicheka wakashika mbavu. Mama mmoja tu ndiye aliyeshuka kumsaidia kuokota. Kisha akavua kamba yake mwenyewe, akamvalisha mama yangu kwenye paji la uso, akamwambia: "Inama, mama Nadine. Mulima haipende mutu wa kusimama."

Huyo alikuwa Mama Kahindo.

Alikuwa na alama kwenye paji la uso. Mfereji mwembamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, mahali ambapo kamba ilikaa miaka yote. Tulipokuwa watoto, Kahindo na mimi tulikuwa tunapitisha kidole mle, naye anafumba macho na kutuacha. Masomo ya Kahindo yote, hadi diploma, yalipita kwenye mfereji ule.

Alifariki mwaka juzi. Picha yake iliyobaki ni ile ya kadi ya kura, ya kijivu, macho nusu yamefumba, na hakuna anayetaka kumkumbuka hivyo. Basi Kahindo akamchora. Alimchora kwa kalamu ya Bic ya buluu, kwenye karatasi ngumu alizozoea kuchorea watoto wa shule ya Jumapili, mistari midogo midogo iliyopandana kama mkeka. Baba yake, mzee wa kanisa ambaye haongei sana, alikaa na mchoro ule magotini hadi giza likaingia. Sasa umetundikwa juu ya redio. Katika nyumba ile, ukisema picha ya mama, unasema huo.

Tulipomwomba Kahindo mama wa mchezo awe na sura ile, alifikiri wiki nzima. Halafu akasema: "Sawa. Atembee."

Sasa nije kwa Patient.

Jumamosi hii kuna maonyesho ya vijana wabunifu Beni. Watakaochaguliwa watapelekwa Kampala kujifunza, na kazi yao itasaidiwa kufika kwenye simu za watu. Sijawahi kuutamani mlango namna hii. Sharti liko wazi kwenye tangazo: kazi itoke mikononi mwa vijana wa hapa, na aliyechora asimame mbele ya juri, yaani majaji, aeleze michoro yake. Kahindo anachora polepole. Mama yuko tayari, mbuzi wako tayari, nyumba mbili tatu. Milima bado. Patient alikuwa analalamika kwa sauti, mimi nalalamika moyoni.

Jana akaniita Beni nikaone "surprise". Nikaenda. Akafungua kompyuta yake huku anacheka kabla sijakaa.

Michoro ilikuwa imejaa skrini. Milima, soko, anga, mama wa kila namna, mama anapanda, mama anashuka, mama anapumzika. Yote kwa Bic ya buluu, kwa mistari ile ile iliyopandana kama mkeka. Alikuwa amechukua michoro ya Kahindo kwenye folda yetu, akailisha akili mnemba, ikajifunza mkono wake, ikatapika hii.

Nilizipenda picha zile. Niandike ukweli, maana hii ni shajara yangu na si mahubiri. Kwa muda mfupi nilizipenda sana, na nilijiona tayari nimefika Kampala.

Halafu nikaangalia vizuri.

Mama alikuwa msichana. Shingo ndefu, midomo ya tangazo, mabega wazi. Kipese! Kule asubuhi meno yanagongana, mama anavaa sweta juu ya sweta na mabuti ya mpira, na mashine imemvua nguo ikamwacha na kitambaa kifuani. Nyuma yake jua jekundu na mti mmoja bapa kama mwavuli, mti ambao mimi sijawahi kuuona kwa macho katika nchi hii yote ya mikaratusi. Na kitunga kilikuwa wapi? Kichwani. Kimekaa kichwani kama taji, na paji la uso chini yake ni laini kama yai.

Nikamwambia Patient acheze tuone. Akacheza. Programu yangu haijui kuwa picha zimebadilika, kwa hiyo mama akaanza kuinama kama nilivyomfundisha. Akainama na kitunga kichwani. Akainama hadi kitunga kikatazama chini kabisa, na hakuna kiazi hata kimoja kilichoanguka. Mashine imemgundishia mzigo kwenye fuvu. Nilicheka.

Patient hakucheka. Alikunja uso kama fundi. "Ile ni programme yako, Nadine. Badilisha kidogo tu, asimame muzuri."

Asimame muzuri.

Patient ni mtoto wa Vuhovi, milimani huku huku. Mama yake yuko hai, na juzi juzi tu alimletea mihogo kwa kamba. Mimi mtoto wa mtu wa kuja niko pale namweleza mwenye mlima jinsi mlima unavyopandwa! Sijui hata jina la hali ile. Kuona mtu anaangalia picha inayomfuta mama yake, na kosa analoliona ni la programu.

Nilimwuliza kama haoni. Akaona, baada ya muda. Akainua mabega. Halafu akasema jambo ambalo limekataa kutoka kichwani mwangu: "Sisi hatuna studio, hatuna courant ya umeme ya kweli, hatuna mutu wa kutusaidia. Sasa kuko machine yenye inatufanyia kazi bure, na weye uko unasema hapana? Batu ya inchi kubwa bote banatumia. Donc sisi tu njo tubakie safi na maskini?"

Nisijifanye mtakatifu. Programu ikinigomea, mimi mwenyewe huiuliza mashine, nayo hunionyesha palipoharibika. Ilijifunza wapi? Kwa kazi za watu nisiowajua, ambao pengine hawakuulizwa. Labda mahali fulani kuna mtu anaona kichefuchefu kwa ajili yangu. Nimeliweka swali hilo hapa na sijalimaliza.

Lakini Mama Kahindo ninamjua. Huyu alinifuta kamasi.

Bado kulikuwa na la mwisho, nalo ndilo lililoniharibia chakula. Kwenye karatasi ya maonyesho Patient hakufuta jina la Kahindo. Ameandika kuwa michoro yote ni yake. Anataka Jumamosi Kahindo asimame mbele ya juri aeleze jinsi alivyochora ile milima. "Weye njo rafiki yake," akaniambia. "Umuambie vizuri. Atasimama tu, atasema njo yeye. Style ni yake, si bongo, hatudanganye mutu." Yaani wamemuibia mkono, Patient na mashine yake, sasa wanamwomba aje na mdomo pia.

Nilirudi Butembo bila kumwaga maneno niliyokuwa nayo. Ndiyo maana leo yako hapa.

Asubuhi nilikwenda kwa Kahindo. Alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha sombe, yale majani ya mihogo, mikono imelowa. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani, mambo ya haki, ya sanaa, ya sisi na wao. Nilipomwona nikaisahau yote. Nikamshikia simu mbele ya macho ili asiiguse kwa mikono ya maji.

Aliangalia. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akipima kivuli.

"Huyu mama ni nani?" akaniuliza.

Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kwa adabu kabisa, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgeni kwenye harusi. Mashine ilikula michoro yote ya mama yake, kila mstari alioukosea na kuurudia akilia, na mtoto aliyezaliwa na mama yule anauliza ni nani.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, na Patient, na Jumamosi, na jina lake kwenye karatasi. Nilitegemea atapiga kelele, nami nilizihitaji kelele hizo ili hasira yangu ipate mwenzake. Kahindo akarudi kwenye sombe. Akaosha majani yaliyokuwa yameshakuwa safi. Redio ilisikika ndani, baba yake anasikiliza habari.

"Baba hapana aone ile," akasema.

Basi. Hilo tu ndilo aliloomba. Hakuuliza juri, hakuuliza Kampala.

Nilipoondoka, alinifuata hadi mlangoni. Akasema Jumamosi atakwenda Beni, atasimama, lakini ataongea juu ya zile alizochora yeye, basi. "Na milima?" nikamwuliza. Akaniangalia kama vile mimi ndiye mjinga wa hadithi hii. "Milima bado."

Kwa hiyo mchana wote, mvua ikipiga, nimekuwa nikitoa picha za mashine kwenye mchezo. Nimetoa jua jekundu. Nimetoa mti wa mwavuli. Nimewatoa wale wasichana mmoja mmoja. Nimerudisha folda ya zamani. Penye milima pamebaki vibao vya kijivu ambavyo mimi huweka kabla mchoro haujafika, vina pembe kama masanduku ya sabuni. Ni vibaya sana. Hata mimi ninayejua kilichopaswa kuwa pale nimeona haya.

Nikamwandikia Patient kuwa programu haibadiliki, na jina la Kahindo litakaa kwenye kazi ya Kahindo tu. Amejibu kwa ujumbe wa sauti, maneno mengi, mengine nimeyasikia mara moja na sitaki kurudia. Anasema tunaua bahati ya watatu kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Anasema asituone Jumamosi. Halafu ujumbe mwingine mfupi, sauti imeshuka: "Mama yangu pia ana ile alama. Ninajua. Usifikiri sijue." Huo nimeusikiliza mara mbili, na sijui niufanye nini. Kama alijua, kinyaa changu kinaongezeka. Kama alijua, pia namhurumia, na sipendi kumhurumia leo.

Mama yangu amepita nyuma ya kiti, ameinama kuangalia skrini. Amemwona Mama Kahindo anapanda masanduku ya kijivu, kamba kwenye paji, mikono karibu na masikio. Amesimama pale hadi Mama Kahindo alipofika juu.

Tutashindwa, nadhani. Wenzetu watakuja na rangi na anga zinazong'aa, nasi tutakuja na mama mmoja wa wino wa buluu katika nchi isiyochorwa. Juri watauliza milima iko wapi, nasi tutasema bado.

Lakini wakiuliza huyu mama ni nani, Kahindo atawajibu.