Kinga ya Mgeni wa Serikali

Johannesburg, 2018

Mama mdogo mpenzi,

Nakusalimu toka kwenye baridi. Huku ninavaa sweta mbili hata ndani ya nyumba.

Yule mkubwa wa askari aliyemkamata mwanao Fidele nimemwona kwa macho yangu. Jina silitaji, maana kadi hii haina bahasha. Wakili alisikia amekuja huku pamoja na wajumbe wa serikali yetu, tukamfungulia kesi. Majuma mawili yaliyopita tulimkuta mtaa wa Fordsburg anakula biriani. Mjumbe wa mahakama akamkabidhi hati. Akafuta vidole, akaisoma polepole, kisha akanitazama.

“Wewe ni dada yake Fidele,” akasema kwa Kiswahili cha kwetu. “Mama yako mdogo hajambo?”

Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza alikomzika. Badala yake nikajikuta namjibu, “Hajambo.” Nisamehe, mama.

Leo jaji amesema mgeni wa serikali ana kinga, hashtakiwi hapa. Nje ya mahakama nikamuuliza wakili, “Sasa tumshtaki wapi?”

“Eish, dada,” akasema. “Nyumbani kwenu.”

Naye anajua mahakimu wa kwetu wanasimama wima mtu huyo akipita. Tutakata rufaa, lakini yeye anapanda ndege kesho.

Mama, Ijumaa usipeleke tena chakula kule kambini walikompeleka Fidele. Askari wanakipokea, wanakula wenyewe. Pika kama kawaida, ukae, ukile wewe. Umekonda mno.

Nakukumbatia kwa mikono miwili.

Mwanao,
Odette