Kifaru Nilichokimaliza Ndani ya Eda

Mume wangu Salimu,

Eda yangu ilikwisha jana. Mama yako alinichemshia maji ya mrehani, nikaoga, nikavua nguo nyeupe, nikavaa lile gauni la maua madogo. Kisha nikakaa kitandani nisijue la kufanya. Watu waliniambia siku hiyo nitajisikia mwepesi. Sikujisikia chochote. Ndiyo nikaona nikuandikie, nikueleze yaliyopita tangu ulipojilaza baada ya sala ya alasiri, ukasema kichwa kinakugonga, usiamke tena.

Kifaru chako kinakwenda. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeuliza kwanza.

Mwanzo hakuna aliyekigusa. Kilikaa pale juu ya meza ya cherehani, mgongo wazi, nyaya nje, vile vile ulivyokiacha. Wanawake waliokuja kuhani walikuwa wakikitazama, kisha wakinitazama mimi. Mmoja, simtaji, alimnong'oneza mwenziwe, "Nyumba haina mtoto, ina mchezo wa mtoto." Nilisikia. Ungekuwepo ungecheka, ungemwambia, Bibi, huo si mchezo, hicho ni kifaru cha vita. Mimi nilimmiminia kahawa.

Wakumbuka kilivyoingia humu ndani? Mwaka ule wa uchaguzi wa mlolongo, mgeni Mjerumani pale hotelini Shanzu alikwambia, fundi, kimekufa, chukua. Mnyororo mmoja umekatika, mota moja imeungua, na redio ya kukiongozea haisikiki hata kutoka mlangoni mpaka dirishani. Ulikileta ndani ya mfuko wa saruji kama mtu aliyeiba kuku. Tangu hapo sikuwa na mume jioni. Mota ukazitoa kwenye mashine za kukaushia nywele zilizotupwa na hoteli. Minyororo ukaiunga kwa vipande vya mnyororo wa baiskeli, ukaivisha mpira wa tyubu isiteleze. Plastiki ya tumboni ukaikata, ukatia bati la debe libebe betri ya pikipiki. Ukakipaka ile rangi ya kijani iliyosalia walipopaka mabenchi ya bustani. Halafu ukachukua mpira mdogo wa cherehani yangu, ukautia kichwani mwake ili mzinga ugeuke. Nilikununia. Ukanambia, "Maimuna, vita vina gharama."

Lakini kilikuwa na ugonjwa. Ukikiwasha kinatetemeka, kinakwenda kisikoagizwa, mzinga unageukia ukuta. Mpaka unafariki hukujua kwa nini.

Sijui ni siku gani niliketi mbele yake. Edani siku zote ni moja. Sikuwa na cha kushona, watu hawamletei mfiwa nguo. Nilifuta vumbi. Kisha nikaanza kuufuata waya mmoja mmoja kwa kidole, hivi hivi tu, bila kutaka kitu.

Ndipo alipokuja Mutiso, mwenzio wa karakana ya hoteli. Hangeweza kuniona, kwa hiyo aliketi barazani nje ya dirisha, pazia limeshushwa, mama yako kwenye kigoda upande wangu. "Shikamoo, Mama. Shemeji, pole," akasema. Nikamsikia anapenga kamasi. Nilitafuta neno la kumfariji, sikuliona. Nikamuuliza, "Mutiso, kwa nini kifaru kinatetemeka?"

Mama akageuka kunitazama.

"Ni cheche za zile mota, shemeji," akasema Mutiso. "Zinaipigia redio kelele, haimsikii anayeiongoza. Zinataka kapasita za kumeza hizo cheche. Nilitaka nimwambie, nimletee."

"Niletee mimi," nikasema.

Alizileta Jumapili, amezifunga kwenye kipande cha gazeti. Alimkabidhi Mama, Mama akanipa. Mutiso akanielekeza akiwa huko huko nje: miguu ya kapasita ni miwili, mmoja upande huu wa mota, mmoja upande ule, na chuma cha moto cha kulehemia kisikae sana. Mama alinishikia tochi. Mkono wake unatetemeka siku hizi, na jicho moja limeingia ukungu, hukuwahi kuliona hilo. Shangazi yako aliingia akatukuta, akasema mjane hafanyi mambo haya. Mama hakugeuka hata. "Eda imemkataza kutoka na kujifukiza udi," akasema. "Huu moshi si wa udi."

Nilijiunguza kidole. Nilijua tu pale Mama aliponiambia, "Mwanangu, waungua."

Tulikijaribu uani, pale jirani aliporundika kifusi cha kujengea choo. Kilikwenda, Salimu. Hakikutetemeka. Kilipanda kifusi polepole, mawe yakiporomoka nyuma yake, kikasimama juu, nikageuza mzinga ukazunguka wote mpaka uliporudi mbele. Mama alicheka, akapiga makofi kama yuko ngomani. Halafu akaketi pale mlangoni pa jiko akalia kwa sauti, akikuita. Mimi nilikuwa nimeshika kile kisanduku cha kuongozea. Nikakizima, betri isije ikaisha.

Jana kaka yangu Athumani alifika kutoka Lamu. Alingoja nimalize kuoga, akaswali, akanambia, "Dada, hapa huna mtu tena. Mtoto huna. Funga sanduku." Hakusema kwa ubaya. Nami nilitoa sanduku chini ya kitanda, nikaanza kukunja kanga. Ningekwenda, wallahi. Ilikuwa ni mamoja kwangu, huku au huko.

Mama alikuwa jikoni anakuna nazi ya chakula cha Athumani. Nilisikia mbuzi inakwaruza, ikanyamaza. Ikakwaruza tena kidogo, ikanyamaza. Nikangoja isikike. Haikusikika.

"Kaka, siendi," nikasema.

"Utakaa na nani?"

"Na Mama."

"Si mamako huyo, Maimuna."

Nilianza kuzitoa kanga moja moja, nikazirudisha kabatini. Alikasirika, lakini alikula, akalala, na leo asubuhi nikamsindikiza mpaka kituoni. Alinishika kichwa akaniombea dua.

Niliporudi nilikuta Mama amehamishia mswala wake na mto wake chumbani mwetu. Ameuweka mto upande wako wa kitanda. Yeye mwenyewe alikuwa nje anafagia, hakuniangalia, wala sikumuuliza.

Kwaheri, mume wangu. Mungu akupanulie kaburi, akutilie nuru. Nakuahidi Mama hatalala peke yake maadamu nipo. Sasa niwie radhi, niende nikamtandikie.

Mkeo,
Maimuna