Rejeta Uliyoondoka Nayo

Mjukuu wangu, mume wangu Ezekia,

Hivi miguu yako imekatika? Kahawa imechumwa, ikachumwa tena, na wewe upo hapo Nakonde tu, ng'ambo ya mpaka, ambako hata mbuzi wanavuka na kurudi jioni. Mama mchungaji ananiandikia, nimemwambia asinipambie maneno. Shule sikuingia, lakini kugomba najua.

Situlii. Lori likipandisha hapa Isansa naacha mboga motoni, natoka barabarani. Si wewe. Narudi, mboga imeungua, nasikia lingine, natoka tena.

Unakumbuka siku ile ya kushusha rejeta? Madereva walimdanganya baba yako kwamba unga wa ulezi unaziba tundu la rejeta inayovuja. Akamimina bakuli zima, pikapu yake ikachemka hadi uani kukanuka kama jiko la harusi. Nikakukataza kugusa kifuniko mpaka injini ipoe. Ukanicheka, lakini ulingoja. Ulipofungua koki ya chini ukatoka uji, uji kabisa, ukajaa kwenye sufuria yangu, kuku wakakimbilia.

"Onja, mke wangu," ukaniambia. Nikakuchapa na kanga.

Mpira wa maji wa chini ulitoka vizuri. Wa juu ukagoma. Ukauchokonoa kwa mwiko wangu wa ugali, shingo ya rejeta ikakatika, na baba yako ndio anaingia na wageni wa kanisani.

"Fundi gani wewe? Bora ungebaki kulima," akakwambia mbele yao.

Wageni wakacheka. Ulimalizia nati zilizobaki, ukaitoa, ukaifunga kwenye gunia la kahawa. "Bibi, naenda kuichomelea Tunduma. Kesho narudi." Kesho gani hiyo?

Sasa sikiliza. Juzi alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, anaitaka pikapu. Baba yako akasimama mbele ya boneti. "Hili gari lina fundi wake," akamwambia, "linamsubiri." Jina lako hakulitaja. Nimemzaa mimi, najua kichwa chake. Lakini yule mtu alipoondoka, alifunua boneti, akaliangalia lile pengo la rejeta, akafuta vumbi kwa mkono wa shati lake la Jumapili. Kuomba radhi hajui. Na wewe kurudi hujui. Mimi umri wa kusubiri wanaume wawili wajifunze sina.

Kama rejeta imeshindikana, kama uliiuza ukala, njoo hivyo hivyo. Sikukulea ili uniletee chuma.

Ukifika usipite mlango wa mbele. Zunguka nyuma, ingia jikoni kwangu, ukae. Baba yako nitamwita mimi. Mtanawa kwenye beseni moja, mle kwenye sahani moja, mshibe, ndipo mtu afungue mdomo.

Bibi yako,
mkeo wa kwanza