Usiseme Ametua

Shikamoo, Baba.

Nimekaa kidogo na kalamu mkononi, kama vile naisubiri marahaba yako. Sasa naendelea.

Ndege yako imerudi uwanjani. Ile ile ya zamani, yenye gurudumu dogo mkiani, inayokaa pua juu kana kwamba inanusa kitu. Mwenye ndege, aliyekuwa akikupa uirushe, ameitengeneza. Bawa la kushoto ni jipya, rangi yake haijafanana na la kulia. Jumamosi hii itaruka kwa mara ya kwanza tangu ulipotutoka, na rubani ni Baba mdogo Idi. Mama ameifua kanzu yako, ikakauka, akaifua tena.

Hapa Kiwalani ndege kubwa zinapita juu ya bati kama kawaida. Zamani nilikuwa sizisikii. Siku hizi kila moja ikishuka naacha ninachofanya mpaka mngurumo uishe.

Unalikumbuka toroli la maji la jirani? Ulinifundishia hapo uani. Ulilivuta, likakufuata kwa adabu. Ukaligeuza ukalisukuma, likaanza kutafuta pembeni. Ukasema ndege yako ndivyo ilivyo: uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, na rubani akizubaa na pedali za kuuongoza, mkia unataka kupita mbele. Ndipo uliponikataza lile neno. "Ikigusa ardhi, sema imegusa. Ikisimama, ndiyo imetua. Kabla ya hapo miguu haitoki kwenye pedali."

Baba, kuna jambo sijamwambia mtu.

Siku ile nilikuwa kwenye uzio wa uwanja, mahali pangu pa kila Jumamosi. Uligusa vizuri mno, nyasi hata hazikushtuka. Mama alikuwa amepiga simu kuuliza. Nikaupa uwanja mgongo ili upepo usiingie kwenye simu, nikamwambia, "Mama, Baba ametua." Nyuma yangu nikasikia kitu kama mlango mkubwa wa bati unaanguka. Nilipogeuka, ndege ilikuwa imejizungusha na kubiringika, tumbo juu.

Walisema ni upepo wa pembeni. Naamini. Lakini nyumbani Mama alikuwa ameshakumiminia maji ya kuoga, kwa sababu ya neno langu. Yalikaa kwenye ndoo siku tatu. Hakuna aliyethubutu kuyamwaga.

Jumatatu Baba mdogo aliijaribu chini tu, bila kuruka, nami nikaenda kutazama. Alikuwa anarudi polepole, akageuza kichwa kuwatania mafundi. Mkia ukachepuka, Baba. Kidogo, kama hatua mbili hivi, kisha akaurudisha. Mafundi wakacheka, naye akacheka. Alipotoka nikamwambia aliangalia pembeni. Akanijibu kwamba hapo ilikuwa kutembea tu, kisha akawageukia wenzake: "Mnamwona mwalimu wangu? Hata baiskeli hajui."

Wakacheka tena. Nikasema mbele yao wote: "Baba alisema miguu haitoki kwenye pedali mpaka isimame."

Baba mdogo aliangalia lile bawa jipya kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka alikwambia hivyo?" Nikamwambia kila Jumamosi. Akasema, "Na mie alikuwa ananiambia."

Tangu hapo hatanii sana. Jana alasiri nilimkuta sebuleni, amekaa wima, amekanyaga ndala zake mbili kama pedali. Kushoto, kulia, kushoto. Macho yake yako mbele, ukutani, kwenye picha yako. Nilirudi nyuma asinione. Niliogopa, lakini nilipata na nguvu kidogo. Sijui kama ndala zinatosha. Tangu asubuhi upepo unavuma kutoka upande uleule, unapiga bati la choo.

Mama hataki kwenda. Mimi nitakwenda. Nimeshamwomba asipige simu, wala asimimine maji. Amekubali kwa kichwa tu.

Lala salama, Baba. Kila baada ya sala nakuombea, na siku hizi namwombea na mdogo wako. Nakuahidi Jumamosi sitaupa uwanja mgongo. Itagusa, nami nitanyamaza. Itakimbia kwenye nyasi, nitanyamaza. Mpaka propela isimame niweze kuyahesabu mapanga yake, na Baba mdogo atoe mguu wake mwenyewe auweke chini. Hapo ndipo nitampigia Mama, nimwambie amimine maji.

Mwanao,
Zuhura