Shule Itakayonihamisha

Jumapili, 4 Februari

Leo mdomo wangu umeniponza. Na mbele za watu!

Ilikuwa hitima ya baba mkwe. Nyumba imejaa, wali umekwisha kabla ya wageni kwisha, na Chabani akaona hapo ndipo pa kuleta habari ya Mwakiro. Marehemu ameacha shamba kijijini huko, mkoani Muyinga, na kiduka cha sabuni na chumvi. Chabani anataka twende wote tukakae. Taksi yake imelala nyuma ya nyumba miezi na miezi kwa kukosa esansi, petroli haipatikani. Kuku wanatagia kiti cha nyuma. Ndiyo faida pekee gari ile imetoa mwaka huu.

"Muhogo haunywi esansi," akasema. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mume wangu, ambaye jembe amelishika siku moja tu, akilisogeza ili mtu apite!

Kisha akanigeukia, sauti laini kama siagi. Kwamba yeye hanilazimishi. Kwamba mimi ndiye nitakayesema.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikasema: nitahama siku mtakaponionyesha shule ya serikali huko vijijini inayofundisha vizuri kuliko hii ya binti yetu Layla ya hapa mjini. Wanawake wakacheka. Nilijua siwezi kushindwa. Shule ya porini!

Hussein, mdogo wake Chabani anayekaa Mwakiro, hakucheka. Akasema, "Bon. Tumesikia wote."

Msahafu bado ulikuwa wazi kwenye mto. Neno lililosemwa hapo halimezwi tena.

Jumatano, 7 Februari

Chabani kaanza karibu. Rafiki yake ana kiwanja upande wa Nyarusange, basi tukatazame shule ya kule kwanza. Nimekwenda na mita yangu ya kupimia nguo shingoni. Fundi cherehani anaingia shule yoyote: unasema umekuja kuona sare, wanakufungulia.

Mimi shule yangu iliishia darasa la sita. Yaliyobaki nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia vitambaa. Lakini nina njia yangu. Naanza na choo. Kisha natazama mapindo ya sare, maana mtoto ambaye sketi yake imeteremshwa pindo mara mbili ni mtoto anayebaki shuleni. Kisha nauliza mwalimu yuko wapi.

Choo: mlango hakuna. Mapindo: mapya yote, watoto hawakai. Mwalimu: yuko shambani. Wanafunzi wa darasa la saba nao wako shambani — kwake! Wanapalilia. Nikamuuliza msichana mmoja somo gani hili. Akajibu bila kucheka kwamba ni hesabu.

Nilirudi kwetu Magarama, hapa Gitega, nikiimba.

Ijumaa, 9 Februari

Nimechukua daftari la Layla la hesabu. Yuko la nane. Mwandiko mzuri kuliko wa karani. Nikamuuliza maana ya mstari mmoja, mmoja tu. Akautazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya jamaa asiyemjua.

"Maman, hii tuliinakili."

Darasani kwao ni zaidi ya mia. Mwalimu anaandika, wanaandika, kengele. Mwaka juzi alirudia. Akirudia tena wanamtoa, na msichana aliyetolewa la nane najua anakwenda wapi, maana wananiletea vitambaa vya kushonewa gauni la harusi na bado wana chunusi za utoto.

Nimelifunga daftari. Nimeshona mpaka mgongo ukalia.

Jumatatu, 12 Februari

Mwakiro. Chabani amebaki Gitega na Layla, mimi nimeletwa kwa Hussein. Gari lilipatikana kwa dereva mwenye dumu lake la siri chini ya magunia. Tulinuka esansi sote kama taa za zamani. Shemeji anasema nitarudi keshokutwa, dereva ameahidi. Yasmina mkewe kanipa kitanda cha watoto. Binti yao Zuena, wa la saba, analala chini na ananitazama kama filamu.

Kimya cha hapa kinapiga kelele. Hakuna hata redio ya jirani ya kulalamikia.

Jumanne, 13 Februari

Shule leo, Hussein mbele, mimi nyuma na mita yangu. Diregiteri Kasiano, mkuu wa shule, ametupokea kwa koti lililopigwa pasi vizuri mbele. Mgongoni pasi haikufika.

Subhanallah, darasa! Mabenchi yamepangwa mpaka nyuma, watoto watatu watatu, ubao umepakwa mkaa mpya bado unachafua mikono. Wameimba wimbo wa wageni. Choo kina mlango. Hussein ananitazama pembeni kama mtu anayekuuzia mbuzi.

"Umeona, shemeji? Iko kama Bujumbura kabisa!"

Nikasema ndiyo, nimeona. Nikajiona tayari nimesimama kwenye kiduka kile, napima chumvi mpaka kufa.

Lakini mabenchi yale. Marefu mno. Na kila benchi nyuma lina kibao chembamba cha kuwekea kitabu. Shule gani inamwekea mwanafunzi mahali pa kitabu cha nyimbo?

Baadaye, kabla jua halijazama: nimeyaona! Nilikuwa uani kwa Yasmina namenya viazi. Njiani wanapita watoto wa shule, wanne wanne, benchi kichwani, mstari mrefu kama siafu. Wanayarudisha kanisani. Diregiteri nyuma yao, koti mkononi, anahimiza.

Nimecheka mpaka Yasmina akauliza nina nini. Nikasema kitunguu. Tulikuwa tunamenya viazi.

Nimeokoka! Kesho natoka hapa na ushahidi.

Jumatano, 14 Februari

Dereva hakuja. Esansi hakuna Muyinga yote. Hussein anasema labda wiki ijayo, akisema hivyo kwa furaha isiyofichika.

Mvua. Nimelala kitanda cha watoto, miguu nje.

Alhamisi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda shule peke yangu, asubuhi, bila kupiga hodi kwa diregiteri. Nilitaka picha. Watoto chini, simu juu, paa! Nimtumie Chabani na maneno machache matamu. Nikapita nyuma, nikajibanza chini ya dirisha la la saba.

Ndani kweli hakuna benchi hata moja. Wamekaa juu ya magogo ya mikaratusi na matofali. Nikapiga picha. Nzuri sana, ya kusikitisha.

Kisha mwalimu akaanza kusema nikasahau kuondoka.

Anaitwa Martha. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Kifaransa cha kitabuni anakisoma, kisha anakivunja kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, mpaka hakuna wa kujificha. Alichora chini kwa kijiti shamba la mraba. Akauliza: nikilirefusha mara mbili kila upande, nitahitaji mbegu mara ngapi?

Mvulana mmoja akasema mara mbili. Wote wakasema mara mbili.

Na yeye hakusema ndiyo wala siyo. Mwalimu wa Layla angekuwa ameshafuta ubao. Huyu anawatazama tu, kijiti mkononi, kama ana siku nzima. Watoto wanakunja nyuso. Zuena wetu akaanza kupanga vijiti sakafuni.

Mimi nimekata vitambaa maisha yangu yote. Meza ikikua mara mbili urefu na mara mbili upana, kitambaa...

"Mara nne!" nikasema. Kwa sauti. Chini ya dirisha!

Kicheko cha darasa zima.

"Aliyejibu aingie," akasema Martha. "Hapa hatujibu tukiwa nje."

Nimeingia, mita shingoni, aibu usoni. Akanionyesha gogo. Nikakaa kati ya watoto. Akaniambia nithibitishe. Nikashika chaki, nikachora, nikaeleza meza na kitambaa, na Zuena akapanga vijiti vyake pembeni, vinne vikatoka. Yule mvulana wa mara mbili akasema, "Aa! Donc, kumbe mama alikuwa ananunua mbegu kidogo!" Darasa likaanguka kwa kicheko.

Somo lilipokwisha Martha alinisindikiza mpaka njiani.

"Dada, wewe ndiye mgeni wa Gitega. Samahani kwa yale mabenchi. Nilimwambia Kasiano ni aibu. Na ni ya kanisa letu, tangu alfajiri tunayabeba!"

Nikamwambia yalikuwa mazuri. Tukacheka. Nikampenda, ndiyo shida.

Hapo akaniuliza kama najua chumba cha kupanga Magarama. Mumewe ni mwashi Gitega, mwaka wa pili sasa wanaishi kila mtu kwake. Ameomba kuhamishwa. Wamemkubalia shule ya mjini, ila aonyeshe kwanza ana pa kukaa, na kwa mtu asiyejuana na yeyote kule, chumba hakipatikani.

Mdomo wangu, tena: "Kwangu kiko chumba."

Kipo. Kile cha pembeni, ninamowekea majarida na mikono ya magauni.

Akanishika mikono yote miwili. Jamani, dada! Mungu akubariki! Akarudi darasani karibu anakimbia.

Ijumaa, 16 Februari

Nimejaribu kujidanganya siku nzima. Hapa mtu hana kazi nyingine.

Nikisema shule ni mbaya, nina picha. Tunabaki Gitega, Martha anakuja kukaa kwangu, jioni anamkalisha Layla mezani na kijiti chake. Mtoto anapona. Mimi napona. Nani atajua?

Watajua wale wa kwenye magogo, watakaoachwa bila mwalimu.

Nikimnyima chumba, Martha anabaki hapa, mbali na mumewe. Hapo itanibidi niseme ukweli mbele ya Chabani, kwamba ndiyo, shule ipo, inashinda ya mjini, na ni lazima nifungashe cherehani. Nimwache mama yangu, nyumba mbili tu kutoka kwangu. Niuze sabuni. Tena yote hayo ili nimfuate mwalimu ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemzuia! Na nimtazame usoni kila asubuhi.

Leo Yasmina alikuwa anakoka moto, akasema bila kugeuka kwamba kabla ya Martha, Zuena alikuwa haendi shule. Alikuwa anaaga, anazunguka, anarudi mchana. "Sasa akiumwa analia ju ya kukosa."

Nimempigia Layla. Nimemuuliza lile swali la shamba. Akafikiri kidogo, nikasikia kabisa anafikiri, roho ikapanda. Kisha:

"Maman, hilo Madame hajatupa jibu yake."

Jumamosi, 17 Februari

Haraka haraka. Nimesema nakuja chumbani kuchukua chaja.

Hussein ameita watu. Baada ya chakula cha mchana amewakalisha barazani wazee wawili waliokuwa kwenye hitima, diregiteri na koti lake, Yasmina na watoto. Nikidhani ni chai! Kumbe ametuma pia kwa Martha, na Martha amekuja, gauni la kanisani, kakaa ukingo wa mkeka. Hussein akaweka simu katikati, sauti wazi. Chabani ndani.

"Mama Layla, watu wote wako hapo? Bon. Mi siko nakulazimisha, unajua. Sema tu. Ile shule uliona, inapita ya hapa ao haipiti?"

Wazee wakaniangalia. Hussein akamwonyesha Martha kwa kidevu: mwalimu mwenyewe huyu, shemeji, muulize unachotaka! Amemleta awe shahidi wake. Hajui habari ya chumba. Hakuna anayejua isipokuwa sisi wawili. Martha ametabasamu, tabasamu la mtu aliyeahidiwa.

Nikasema simu yangu inazima, ngoja.

Simu inayotumika ni ya Hussein.

Chabani ameanza kuwaeleza huko hewani bei ya misumari, eti tutahitaji kuongeza chumba. Yule mzee mmoja anamjibu. Wameshaanza kujenga! Picha ya magogo ninayo hapa kiganjani. Nimeifungua. Pembeni Zuena ameinama, nywele zimejaa chaki. Sikuwa nimemwona siku ile nilipopiga.

Mlango. Ni Zuena huyu hapa.

"Mama mkubwa, wanakuita. Na mwalimu ameniambia nikuulize pembeni, eti ile chumba iko na dirisha?"

Hajui chumba gani. Ananitazama tu, ameshika fremu ya mlango, mguu juu ya mguu.

Dirisha lipo. La vioo, upande wa barabara. Asubuhi jua linafika mpaka ukutani.

"Nimwambie nini?"

Huko nje Chabani anaita, alo, alo, Mama Layla, na Hussein anamwambia asikate, anakuja, anakuja. Zuena hajaondoka. Nikimwambia dirisha lipo, namchukua mwalimu wake.