Plagi Iliyokatikia Ndani

Lamadi, Alhamisi

Dada yangu Milembe,

Mwangaluka dada. Habari za hapo Nkololo? Mwanao Nyamizi anaendeleaje, na lile jicho ulilopigwa limepona? Mimi mwili ni mzima. Ningekujibu mhola, kwamba ni shwari, kama tulivyolelewa, lakini ningekudanganya, na uongo nimeshausema wa kutosha. Kwa kuwa mumeo Limbu aliivunja simu yako, nimempa barua hii Jenifer muuza dagaa, akukabidhi mkononi yeye asiione.

Dada, mashine haikuuzwa.

Najua ulivyonitegemea. Baba alishasema hakupokei nyumbani mpaka ng'ombe wa mahari yako warudi kwa Limbu. Ng'ombe hao nilipewa mimi nikaoe, nikawauza nikanunua mashine ya mtumbwi, na wewe hukunung'unika hata siku moja. Nikakuahidi nitaiuza, ninunue ng'ombe wengine, na Jumamosi ya mnada nije nao nikutoe humo.

Mnunuzi alikuja Jumatatu, Mzee Mwandu wa visiwani. Akataka aisikie ikinguruma kwanza. Haikuwaka, plagi ya kutoa cheche ilikuwa imekaa vibaya na imeng'ang'ania. Nilidhani ataondoka, kumbe mzee ni mtu wa subira. Akasema atazunguka hapa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, siku mbili. Ikiwaka anaichukua, isipowaka kuna nyingine ameiona.

Basi fundi Constantine akaimwagia dizeli, akaniambia tuiache inywe mpaka kesho. Kesho yake ikagoma. Akaipasha moto, akagonga taratibu, ikagoma vilevile. Spana ikaanza kuteleza, pembe za plagi zikaisha zote. Jumatano Mzee Mwandu akaja kuaga, nami nikapagawa. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikavuta kwa uzito wangu wote huku Constantine akinipigia kelele niache. Ikalia tak! Kichwa kikaja na spana, kipande cha chini kikabaki ndani. Tukakitoboa kwa drili, kikatoka vipande vipande pamoja na thredi zote za tundu la kukazia plagi, na silinda yenyewe ikapata ufa unaoingia ukucha. Constantine akasema hiyo sasa ni chuma chakavu. Mzee Mwandu akanipa pole, akaenda kununua ile nyingine.

Hapo ningeweza kuishia, nawe ungesema ni bahati mbaya. Lakini Constantine aliuliza ni mshenzi gani aliyeifunga plagi upande namna ile. Nikamjibu ni yule aliyeniuzia mashine.

Ni mimi, dada. Jumapili ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Nilikaa nayo nikajiuliza, bila mashine mimi nitakuwa nani hapa, si nitarudi Sapiwi kushika plau ya baba? Nikaifunga plagi upande makusudi, nikaikaza kwa bomba kama bolti la plau, ili mzee aione mbovu aende zake. Nilitaka msimu mmoja tu wa kuvua. Nilijua unapigwa, na bado nikakaza. Mzee alipokubali kusubiri ndipo jicho lako likanijia, nikaona aibu, nikataka kuitoa kwa moyo wangu wote. Ikakataa.

Sikuombi msamaha, sina uso huo. Baba nimempigia, nimemsihi akupokee hivyo hivyo. Akanijibu kwa swali moja, ng'ombe wako wapi, akakata simu.

Nisalimie Nyamizi, mwambie mjomba anampenda. Limbu usimpe salamu zangu. Jenifer akirudi bila neno lako nitaelewa.

Jumamosi usinisubiri mnadani. Na kama nguo umeshazifunga, zifungue leo hii, zirudishe zilipokuwa, kabla Limbu hajaliona furushi.

Ni mimi mdogo wako,
Bujiku